Mwanahisa Mmoja, Akaunti Tatu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuunganisha Hisa

Habari za kazi, ndugu wahariri. Mwaka 2009 nilinunua hisa za CRDB zilipouzwa kwa umma, nikiwa Iringa, na nilitumia kadi ya mpiga kura. Mwaka 2014 niliongeza kupitia dalali wa Dar es Salaam, naye akanifungulia akaunti nyingine. Niliponunua Vodacom 2017 ikaja namba ya tatu. Sasa gawio la CRDB linaingia la akaunti moja tu. Jina langu nalo limeandikwa tofauti kila mahali. Nianzie wapi? (Mama wa Mbeya)

Mama, shida hii inawapata wengi walioingia kwenye hisa kabla ya kitambulisho cha taifa. Hisa za NMB ziliuzwa kwa umma 2008 kwa shilingi 600 moja, za CRDB 2009 kwa shilingi 150, ilhali vitambulisho vya NIDA vilianza kutolewa 2013. Miaka ile mtu alijitambulisha kwa chochote alichonacho: kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, pasipoti. Kila kimoja kina namba yake, na mfumo ukikuta namba mpya pamoja na jina lililogeuzwa mpangilio, unaandika mtu mpya. Hakuna aliyekuibia. Hisa zako zipo, ila zimeandikwa kama mali ya watu watatu.

Kabla ya kutoka nyumbani, elewa kwamba kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna akaunti ya CDS, ambamo hisa zinahifadhiwa kielektroniki, na kuna daftari la wanahisa la kila kampuni, ambalo msajili hulitumia kulipa gawio na kuita mkutano mkuu. Kwa kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), kazi ya kuhifadhi hisa hufanywa na CSDR, kampuni tanzu ya soko hilo, ambayo pia hutunza madaftari ya kampuni nyingi. Hisa zikishakuwa ndani ya CDS, daftari hufuata yaliyomo kwenye CDS. Kwa hiyo ukimwandikia msajili akurekebishie jina daftarini huku akaunti ya CDS imebaki vilevile, daftari likifungwa tena kwa ajili ya gawio, yaani orodha ya watakaolipwa inapochukuliwa, jina la zamani litarudi. Wengi wanaolalamika kwamba “nilirekebisha mwaka jana na kosa limerudi” walirekebisha upande mmoja.

Anza kwa kuomba taarifa ya hisa ya kila akaunti, zote za tarehe moja. Usitumie risiti za zamani kuhesabu, kwa sababu hazionyeshi nyongeza wala mauzo ya baadaye. Kila taarifa iwe na jina kamili jinsi lilivyoandikwa, namba ya akaunti, aina na namba ya kitambulisho, idadi ya hisa kwa kila kampuni, na akaunti ya benki ya gawio kama ipo. Jumlisha na uandike pembeni. Jumla hiyo ndiyo utakayoitumia mwishoni kuhakiki kwamba hakuna hisa iliyobaki njiani.

Kisha chagua akaunti itakayobaki. Watu hukimbilia ile yenye hisa nyingi, lakini idadi ya hisa si kigezo, maana hisa huhama kwa siku ileile ziwe 200 au 20,000. Baki na akaunti ambayo jina lake limekaribiana zaidi na jina lililo NIDA. Kama hakuna hata moja iliyo sawa, chagua ile ambayo saini yako ya zamani bado unaweza kuirudia. Irekebishe kwanza hiyo: ingiza namba ya NIDA yenye tarakimu 20, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, simu ya sasa, na akaunti ya benki yenye jina hilohilo. Subiri uthibitisho kwamba marekebisho yameingia, ndipo uombe hisa za akaunti nyingine zihamie humo. Ukiomba yote mawili kwa fomu moja, mara nyingi ombi hukwama, kwa sababu anayehakiki anakuta akaunti inayopokea nayo haina mwenyewe aliyethibitishwa.

Ombi linapitia kwa dalali wa hisa, na huhitaji dalali yule wa 2009. Mpelekee fomu, nakala ya kitambulisho, zile taarifa za hisa, barua ya benki au ukurasa wa taarifa ya benki unaoonyesha jina na namba ya akaunti, pamoja na hati ya kiapo kuhusu majina. Muulize ada ya kila hatua kabla ya kusaini. Barua yenyewe isiwe ndefu. Maneno kama haya yanatosha:

*“Mimi (jina kama lilivyo NIDA), mwenye namba ya NIDA (…), nathibitisha kuwa akaunti za CDS namba (…), (…) na (…) zote ni zangu binafsi. Naomba hisa zote zilizomo kwenye akaunti namba (…) na (…) zihamishiwe akaunti namba (…). Umiliki haubadiliki na hakuna mauzo. Gawio lote la akaunti hizo ambalo halijalipwa lilipwe kwenye akaunti ya benki namba (…). Akaunti za zamani zifungwe baada ya gawio hilo kulipwa.”*

Sentensi ya mwisho usiiache. Akaunti ikifungwa huku gawio la miaka iliyopita halijalipwa, fedha hizo hubaki zikisomeka kwa namba isiyotumika tena, na kuzifuatilia huchukua muda kuliko kuhamisha hisa zenyewe.

Tuseme zaidi kuhusu kiapo, maana ndicho kinachorudisha maombi mengi. Kiapo kinachosema tu “majina yote yanayofanana na langu ni yangu” hakina kazi. Kinatakiwa kutaja kila jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye akaunti, hata kama limekosewa, na namba ya akaunti ikae mbele ya jina lake. Kosa la kawaida hutokea ofisini kwa wakili: karani anayechapa anaona “Mwajumma”, anadhani ni kosa la kuandika, anaweka “Mwajuma”. Kiapo kinatoka kizuri, kina mhuri na saini ya kamishna wa viapo, lakini hakilingani na akaunti yoyote. Soma kila herufi kabla ya kuapa.

Kiapo kinatosha pale herufi zilipopotea, mpangilio ulipogeuzwa au jina la kati liliporukwa. Kama ulibadili jina kabisa, msajili ana haki ya kudai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kama ulichukua jina la mume, cheti cha ndoa kiende pamoja na kiapo.

Usishangae ukiulizwa maswali mengi. Majina ya kwetu hurudi ukoo kwa ukoo, na baba na mwana wanaweza kuitwa Juma Hamisi Juma wote wawili. Msajili akiunganisha akaunti za watu wawili kwa kudhani ni mmoja, kuzitenganisha baadaye, pengine baada ya mmoja kuuza, kunaishia mahakamani. Namba ya NIDA husaidia hapa kwa sababu inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Saini ikiwa imebadilika tangu 2009, nenda benki usaini mbele ya ofisa wao, nao wagonge mhuri kuithibitisha. Ni kazi ya asubuhi moja na huondoa shaka kubwa.

Mwisho, angalia kalenda. CRDB na NMB hufanya mikutano mikuu yao kwa kawaida kuanzia Mei, na kabla ya kulipa gawio daftari hufungwa. Ombi likiwa katikati ya njia siku hiyo, hisa hazipotei, kwani orodha huchukua kila akaunti na kilichomo, ila gawio linaweza kutumwa kwa maelezo ya benki ya zamani na kurudishwa. Peleka ombi baada ya gawio kulipwa, na si wiki ambayo tangazo la kufunga daftari limetoka. Kazi ikiisha, omba taarifa mpya na uilinganishe na ile jumla uliyoandika pembeni.

Dalali mmoja amenishauri niuze hisa za akaunti ndogo kisha ninunue upya kwenye akaunti kubwa, eti ni haraka kuliko makaratasi. Ni kweli? (Msomaji wa Mwanza)

Ni haraka kwa anayelipwa kamisheni. Kwa mauzo madogo, kamisheni ya dalali pamoja na tozo za soko na mamlaka hukaribia asilimia 2 ya thamani, na ukinunua tena unakatwa tena. Hapo hatujahesabu bei kupanda kati ya siku ya kuuza na siku ya kununua, wala kampuni ambazo hisa zake hazina wanunuzi kila siku. Isitoshe, akaunti yenye kitambulisho kisichotambulika haitakuruhusu kuuza mpaka uirekebishe. Makaratasi unayoyakimbia utayakuta palepale.

Je, kuwa na akaunti mbili kuna hasara gani hasa? Gawio si linahesabiwa kwa hisa? (Msomaji wa Kigoma)

Gawio, ndiyo. Kila hisa hulipwa sawa, na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE ni ileile. Hasara huonekana kampuni inapotoa hisa kwa wanahisa waliopo kwa uwiano. Mwaka 2015 CRDB iliwapa wanahisa wake haki ya kununua hisa 1 kwa kila 5 walizonazo, kwa shilingi 350. Chukua mtu mwenye hisa 104, 203 na 303 kwenye akaunti tatu. Kila akaunti ikihesabiwa peke yake na vipande vikiachwa, anapata haki ya hisa 20, 40 na 60, jumla 120. Zikiwa pamoja ni hisa 610, na haki yake ni 122. Hisa mbili si utajiri, lakini zimepotea bure.

Kero kubwa ni nyingine: barua za mkutano mkuu zinazoenda sanduku la posta ulilokwisha kuliacha, gawio linalorudi kwa msajili, na siku unapotaka mkopo kwa dhamana ya hisa benki inakuta nusu ya mali haisomeki kwa jina lako. Na yeyote anayekuambia akaunti mbili zinakupa kura mbili anakudanganya. Kwa kunyoosha mkono mtu ni mmoja, na kwa kura za hesabu kila hisa ina kura yake popote ilipo.

Nina akaunti ya CDS, lakini pia nina hati ya karatasi ya hisa za kampuni hiyohiyo, ya zamani sana. Hati moja imepotea. (Mzee wa Tanga)

Shikamoo mzee. Hisa za karatasi bado ziko kwenye daftari la kampuni kwa namba ya mwanahisa, si kwenye CDS, kwa hiyo safari hii unaanza na msajili. Hati uliyonayo inapelekwa kwa fomu ya kuweka hisa kwenye CDS, ukitaja akaunti yako ya sasa. Msajili huifuta hati na hisa huonekana kielektroniki. Toa nakala kabla ya kuikabidhi, na udai risiti yenye namba ya hati.

Iliyopotea ina njia ndefu kidogo: ripoti ya upotevu kutoka polisi, hati ya kiapo inayoeleza kwamba hukuiuza wala kuiweka rehani, na hati ya kumkinga msajili, yaani ahadi ya kisheria kwamba hati ikiibuka mikononi mwa mtu mwingine utabeba hasara wewe. Kwa hisa nyingi anaweza kudai benki au kampuni ya bima isimame nawe kama mdhamini, au tangazo gazetini. Usiwaambie polisi “hati za hisa zimepotea” ukaishia hapo. Taja kampuni, namba ya hati na idadi ya hisa. Kama hukumbuki, pata namba hizo kwa msajili kwanza.

Tena, idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya zamani isikuchanganye. Kampuni zikigawanya hisa, hati za zamani hubaki na idadi ile ya kale. KCB ya Kenya iligawanya hisa moja kuwa 10 mwaka 2007, na Equity ikafanya hivyohivyo 2009. Mwenye hati ya hisa 100 za kabla ya hapo ana 1,000 daftarini.

Mimi niko Mombasa. Nilinunua Safaricom mwaka 2008 kwa dalali mmoja, kisha nikafungua akaunti kwa benki. Dalali yule alifunga biashara. Hisa zangu ziliondoka naye? (Msomaji wa Likoni)

Hapana. Kwa Kenya hisa huhifadhiwa na CDSC, iliyoanza kazi 2004. Dalali au benki ni wakala wa kukufungulia mlango tu. Dalali akifungwa, hisa hubaki CDSC kwa jina lako. Nenda kwa wakala unayemtumia sasa ukiwa na kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA na namba ya akaunti ya zamani. Eleza kwamba unahamisha hisa kutoka akaunti yako kwenda akaunti yako, bila mauzo. Kama namba ya zamani huna, CDSC wanaweza kuitafuta kwa kitambulisho, mradi ni kilekile ulichokitumia 2008. Kama ulitumia pasipoti, ipeleke hata kama muda wake umekwisha.

Swali la kujiuliza ni hili: ulilipa taslimu au ulikopa? Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5, maombi yakazidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, na watu wengi walikopa benki ili kuomba. Mkopo umelipwa zamani, lakini zuio ambalo benki iliweka juu ya hisa haliondoki lenyewe. Hisa zenye zuio hazihami. Iombe benki ithibitishe deni limekwisha na iondoe zuio kabla hujajaza fomu.

Kuhusu gawio la zamani, sheria ya Kenya ya 2011 inazitaka kampuni kukabidhi gawio lisilodaiwa kwa miaka 3 kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, UFAA. Tovuti ya mamlaka hiyo ina sehemu ya kutafuta kwa namba ya kitambulisho. Tafuta kwa kila kitambulisho ulichowahi kutumia, na kudai ni bure. Anayekuomba asilimia ili “akufuatilie” anauza huduma ambayo wewe mwenyewe unaweza kujifanyia.

Nina akaunti yangu na nyingine ya pamoja na mume wangu. Tunaweza kuziunganisha? (Msomaji wa Dodoma)

Huko si kuunganisha. Hisa za pamoja ni mali ya watu wawili, na zikiingia akaunti ya mmoja umiliki umebadilika. Huo ni uhamisho wa hisa, una fomu zake, saini za wote wawili na gharama zake. Vivyo hivyo kwa akaunti uliyomfungulia mtoto: hisa ni zake, na akifika miaka 18 akaunti hubadilishwa kuwa kwa jina lake pekee.

Baba yetu amefariki na ameacha akaunti tatu zenye majina matatu tofauti. Tuziunganishe kwanza ndipo twende mahakamani? (Familia, Morogoro)

Poleni sana. Hapana, nendeni mahakamani kwanza. Kwa sasa hakuna mwenye mamlaka ya kusaini fomu kwa niaba yake, na anayejaribu kuiga saini ya marehemu anajitafutia kesi. Kwenye maombi ya usimamizi wa mirathi andikeni majina yote matatu, mkisema wazi kuwa ni mtu mmoja aliyejulikana pia kwa majina hayo, ili yaonekane kwenye barua ya usimamizi yenyewe. Familia nyingi huandika jina la cheti cha kifo pekee, msajili anakubali akaunti moja na kukataa mbili, na inabidi kurudi mahakamani kurekebisha.

Msimamizi akishateuliwa, peleka barua hiyo na cheti cha kifo kwa msajili na CSDR. Hakuna haja ya kuunganisha akaunti za marehemu: hisa zinaweza kutoka kila akaunti moja kwa moja kwenda kwa warithi. Kila mrithi awe na akaunti yake ya CDS, na kama anayo tayari, aitaje hiyohiyo. Mkimfungulia mpya kwa haraka, mtakuwa mnaanza upya tatizo la baba.

Niko Muscat, siwezi kurudi karibuni. Ndugu yangu anaweza kunisainia? (Msomaji wa Oman)

Anaweza kuwasilisha, lakini kusaini kwa niaba yako kunahitaji hati ya uwakilishi inayotaja hisa na akaunti kwa namba. Ile ya jumla ya “kusimamia mali zangu” mara nyingi hukataliwa. Njia nyepesi ni wewe kusaini fomu mwenyewe mbele ya ofisa wa ubalozi wa Tanzania au notari, nakala ya pasipoti ithibitishwe hapohapo, kisha utume karatasi halisi. Picha ya simu inasaidia kuanza mazungumzo tu.

Nina hisa za KCB nilizonunua Dar na nyingine nilizonunua Nairobi. Nitaziona mahali pamoja lini? (Msomaji wa Arusha)

Ukiamua kuzihamisha, maana haziungani zenyewe. KCB imeorodheshwa kwenye masoko yote mawili, lakini kila nchi ina hifadhi yake. Dalali wa upande zinakotoka na wa upande zinakokwenda huwasilisha ombi kwa pamoja, na majina ya akaunti mbili sharti yalingane herufi kwa herufi. Kama yanatofautiana, rudi kwenye jibu la Mama wa Mbeya kwanza. Kabla ya kuamua uelekeo, angalia ni soko gani hisa hizo huuzwa na kununuliwa zaidi. Kwa KCB ni Nairobi, tena kwa mbali.